Mbolea ya funza imeunguza mchicha wangu: nimekosea wapi?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Nafuga kuku wa kienyeji hapa Kibaha, na mwaka huu nimeanza kuzalisha funza wa nzi chuma (black soldier fly) ili nipunguze gharama za chakula cha kuku. Nawalisha maganda ya matunda kutoka sokoni, pumba za mahindi na makombo ya mgahawa wa jirani. Niliambiwa uchafu wanaobakiza ni mbolea kali kuliko samadi ya ng'ombe. Niliuanika juani hadi ukakauka na harufu ikaisha, nikaumwaga kwenye matuta ya mchicha na kwenye ndoo za nyanya. Mchicha umeota mmoja mmoja, nyanya zimeungua kingo za majani. Jirani anasema funza waliobaki humo watakula mizizi, bora nitupe. Nina viroba saba. Je, hii ni mbolea kweli? Niitumieje, na naweza kuwauzia wenzangu?

Jibu: Marahaba, mama. Hujadanganywa, na hivyo viroba usivitupe. Walichokuambia ni kweli, ila waliishia njiani: kinachobaki baada ya kuwatoa funza ni mbolea mbichi. Virutubisho vimo, tena vingi, lakini haijaiva, na ikikutana na mbegu ya mchicha katika hali hiyo, mbegu ndiyo inayoshindwa. Kuanika juani hakukuivisha, kulinyamazisha harufu tu. Nitajibu kwa kirefu, maana karibu kila mfugaji wa kuku aliyehamia kwa nzi chuma kwa sababu ya bei ya dagaa na soya hujikuta na rundo la mabaki asilojua alipeleke wapi.

Chota konzi moja uitandaze kwenye sinia jeupe, uangalie vizuri. Zipo chembe ndogo za rangi ya kahawia iliyokolea. Hizo ndizo kinyesi chenyewe. Katikati yake kuna vigamba vyepesi ambavyo ukivipuliza vinaruka. Hizo ni ngozi ambazo funza huzivua kadiri anavyokua. Halafu kuna chakula ambacho hakikuliwa: pumba, nyuzi za embe, vipande vya ganda la ndizi, pengine na mbegu za papai zikiwa nzima kabisa. Uwiano wa vitu hivi hutofautiana kwa kila mfugaji. Aliyelisha kidogo kidogo ana chembe nyingi, na aliyemwaga chakula kwa pupa ana uchafu mwingi kuliko kinyesi. Kwa hiyo mtu akikutajia asilimia moja ya virutubisho kana kwamba ni ya mbolea zote za funza duniani, mwulize kwanza funza hao walikula nini. Hata Umoja wa Ulaya, ulipoiwekea kanuni mbolea hii mwaka 2021, uliitambua kuwa mchanganyiko wa kinyesi, masalia ya chakula na sehemu za wadudu, ukataka ipashwe joto la nyuzi 70 kwa saa nzima kabla ya kuingia sokoni.

Sasa tuje kwenye kuungua. Funza wa nzi chuma hula kwa muda wa wiki mbili hivi, na katika muda huo huvunja protini iliyomo kwenye chakula na kuitoa naitrojeni iliyozidi ikiwa amonia. Ile harufu inayochoma pua unapofunua beseni ndiyo hiyo. Mabaki yake kwa kawaida huelemea upande wa magadi kuliko upande wa tindikali, na penye hali ya magadi amonia hugeuka gesi kwa urahisi. Ukiifukia mbolea mbichi pamoja na mbegu ndogo, gesi hunaswa kwenye udongo na kuua kichipukizi kabla hakijachomoza. Ndiyo maana mchicha wako umeota pale tu ambapo mbolea ilikosa kufika.

Nyanya ni habari nyingine. Kingo za majani zikikauka na kuwa kahawia huku katikati ya jani pakibaki kijani, mimi huanza kushuku chumvi, na kwako sina haja ya kwenda mbali: umetaja makombo ya mgahawa. Chumvi ya mchuzi haiozi. Funza hula wali na maharage, maji hukauka, chumvi inabaki palepale, tena imekolea zaidi kuliko ilivyokuwa kwenye sahani. Bustanini mvua ingeisukuma chini, hasa kwenye udongo wa kichanga kama wa Kibaha. Ndani ya ndoo haina pa kwenda, na kila unapomwagilia kidogo kidogo inajirundika kwenye mizizi.

Lipo na jambo la tatu, ambalo hukulitaja lakini pengine utaliona baadaye. Chakula kilichoachwa nusu huendelea kuoza udongoni, na vijidudu vinavyokiozesha hutumia hewa ambayo mizizi inaihitaji. Kikiwa chakula chenye pumba nyingi, au kama uliwatandikia funza maranda, vijidudu hivyo hunyonya pia naitrojeni iliyomo udongoni ili vijijenge. Hapo utaona majani ya chini yanageuka manjano jani zima, bila kingo kuungua. Mkulima akiona hivyo hudhani mbolea ni dhaifu, anaongeza nyingine mbichi, na hali inakuwa mbaya zaidi.

Turudi kwenye kuanika, kwa sababu wengi wanafanya ulivyofanya wewe na wanaridhika mkono unapotoka mkavu na pua haisikii kitu. Jua lilipokausha mabaki yako, amonia iliyokwisha kuwa gesi ilipaa, na hapo ulipoteza sehemu ya naitrojeni ambayo ndiyo thamani ya mbolea. Vijidudu vya kuozesha navyo vililala kwa kukosa maji. Ulipomwagilia tuta viliamka, vikaendelea na kazi pale vilipoishia, safari hii vikiwa kitanda kimoja na mbegu zako. Mbolea hii huivishwa ikiwa na unyevunyevu. Kukausha ni hatua ya mwisho, ya kuhifadhi.

Ili viroba saba viive, fungua vyote na uvimwage kwenye turubai mahali penye kivuli na paa. Kila mafungu mawili ya mabaki yachanganye na fungu moja la majani makavu: ya mwembe, ya mkorosho, nyasi, au makumbi ya nazi yaliyochambuliwa. Kama una samadi ya ng'ombe iliyokaa, ongeza hiyo pia, maana rundo dogo halishiki joto na viroba saba peke yake ni rundo dogo. Usiongeze samadi ya kuku. Hiyo ina amonia yake ya kutosha. Nyunyizia maji huku ukigeuza kwa koleo, kisha ukamate konzi moja na kuiminya kwa nguvu. Yakitoka matone mawili matatu kati ya vidole, unyevu unatosha. Yakitiririka, umezidisha, ongeza majani makavu. Konzi ikisambaratika ulipofumbua mkono, bado ni kavu.

Rundika hadi kiunoni, funika kwa magunia, si kwa nailoni inayoziba hewa. Choma ndani kipande cha nondo, ukiache kwa dakika chache, ukichomoe na ukiguse. Siku za mwanzo kitatoka na joto kali, wakati mwingine huwezi kukishika. Geuza rundo kila wiki, ya nje iingie ndani na ya ndani itoke nje, na kila ukigeuza angalia maji. Joto likipanda tena baada ya kugeuza, kazi bado inaendelea. Ukigeuza na lisipande tena ilhali unyevu upo, rundo linakaribia kuiva.

Kama una chenga za mkaa zile zinazobaki chini ya gunia, zisage na kuzichanganya humo. Mkaa hunasa amonia isipae. Watafiti wa icipe, kile kituo cha wadudu cha Kasarani, Nairobi, kilichoanzishwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, walijaribu kuchanganya mkaa wa kilimo kwenye chakula chenyewe cha funza na wakaona naitrojeni nyingi zaidi inabaki kwenye mbolea. Lakini majivu usitie kabisa, hata kama bibi alikufundisha kunyunyiza majivu ili kuua harufu. Majivu ni magadi, na yakiingia kwenye mabaki haya huifukuza amonia yote hewani kwa mara moja. Pua yako itapata nafuu baadaye, bustani itakosa. Chokaa vilevile.

Muda? Hao hao wa icipe walitumia machicha ya kiwanda cha bia, na mbolea ya funza ikaiva katika wiki 5, kazi ambayo mboji ya kawaida huifanya kwa miezi. Kwako wewe ambaye chakula ni mchanganyiko wa kila kitu, hesabu wiki 5 hadi 8 na usiamini kalenda peke yake. Pima.

Kipimo chenyewe hakina gharama. Chukua kikombe kimoja cha mbolea, utie vikombe kumi vya maji safi, koroga, acha usiku kucha, kisha chuja kwa kitambaa. Tafuta visahani viwili, tandika kila kimoja kitambaa safi au karatasi ya shashi. Kimoja lowesha kwa maji ya mbolea, kingine kwa maji ya kawaida. Panga mbegu 20 za chaizi au kabichi kwenye kila kisahani, funika, weka kivulini. Siku ya tatu au ya nne hesabu zilizoota, na usiishie kwenye kuhesabu: vuta mzizi mmoja mmoja uulinganishe. Kwenye maji ya kawaida utakuta mzizi mweupe, mrefu, wenye vinyweleo laini vilivyouzunguka. Mbolea mbichi hutoa mzizi mfupi, mnene, usio na vinyweleo, na ncha yake ina rangi ya kahawia. Ukiona ncha ya kahawia, rudisha rundo kwenye kazi hata kama mbegu zote zimeota. Idadi ya zilizoota na urefu wa mizizi vikifika walau asilimia 80 ya vile vya maji ya kawaida, unaweza kuipeleka shambani bila wasiwasi.

Ukitaka kipimo cha haraka zaidi, lowesha kidogo mbolea, ijaze nusu mfuko wa nailoni, funga, uache siku tatu ndani ya nyumba. Ukifungua na kupokewa na harufu ya mkojo au ya kitu kilichovunda, haijaiva. Iliyoiva hunuka udongo wa mvua ya kwanza.

Kuhusu chumvi, kuivisha hakutakusaidia. Chumvi itabaki. Viroba hivi vya sasa vipeleke kwenye matuta ya shambani, si kwenye ndoo, na uvitumie kabla ya masika ili mvua ifanye kazi yake. Kwa siku zijazo, makombo ya mgahawa yawe sehemu ndogo ya mlo wa funza, au uyasuuze na kumwaga maji yake kwanza. Maganda ya matunda, mboga zilizonyauka, machicha ya nazi na pumba vinakutosha. Machicha ya nazi yasiwe mengi kwa mkupuo; mafuta yake huziba hewa kwenye beseni na funza hutoroka.

Niseme pia jambo ambalo hukuuliza. Funza wa nzi chuma hupunguza sana bakteria kama salmonela kwenye uchafu anaopitia, lakini mayai ya minyoo ya tumbo humpita salama. Anayewalisha funza kinyesi cha nguruwe au cha binadamu hapaswi kupeleka mabaki kwenye mboga hadi yapitie joto kali, la nyuzi 55 au zaidi kwa siku kadhaa mfululizo, na kila sehemu ya rundo ifikiwe na joto hilo. Wewe hulishi hivyo, kwa hiyo hofu yako ni ndogo. Hata hivyo mchicha unaokatwa karibu na ardhi usiwekewe mbolea juu ya majani, na kachumbari ioshwe kama kawaida. Taka za gereji, majivu ya betri, au mbao zilizopakwa rangi visikaribie mabeseni. Madini kama kadmiamu hujilimbikiza ndani ya funza mwenyewe, na wewe unampa kuku.

Nyanya zako za sasa zinaweza kuokolewa. Mwagia kila ndoo maji mengi polepole hadi yatiririke kwenye matundu ya chini, subiri, rudia. Kama ndoo hazina matundu ya kutosha, hapo ndipo pa kuanzia. Usiweke mbolea yoyote kwa wiki mbili tatu, na hasa usiweke urea ili "kuzipa nguvu". Majani yaliyoungua hayatapona. Angalia yale machanga yanayochomoza juu. Tuta la mchicha lichimbuliwe, limwagiliwe, lipumzike kwa wiki tatu, kisha nyunyiza mbegu chache kwenye kona moja uone zinavyoota kabla ya kupoteza mbegu zote.

Mbolea ikishaiva, kipimo cha kuanzia kwenye tuta ni robo kilo kwa kila mita moja ya mraba, yaani kilo moja kwa mita nne. Hiyo ni sawa na tani 2.5 kwa hekta, kipimo cha chini kabisa walichotumia icipe kwenye mahindi. Walipanda hadi tani 5 na 7.5. Matokeo waliyoyatoa mwaka 2020 yalionyesha mahindi hayo yakizidi yale ya mbolea ya asili ya dukani, wala hayakuachwa nyuma na ya urea. Mwaga, changanya na udongo wa juu hadi kina cha kiganja, mwagilia, acha wiki moja, ndipo upande. Kwenye udongo wako wa kichanga, kuweka yote kwa mkupuo ni kuilisha mvua. Gawa mara mbili, nusu wakati wa kuandaa tuta na nusu wiki tatu baadaye kwa mazao yanayokaa kama nyanya, bilinganya na sukuma wiki. Mchicha unaong'olewa wiki ya tatu au ya nne hauhitaji awamu ya pili.

Nyanya ya shambani ipewe konzi moja kwenye shimo, ichanganywe vizuri na udongo, isiachwe kama tandiko chini ya mche. Awamu ya pili ichorewe duara umbali wa kiganja kutoka kwenye shina, kisha ifukiwe. Kuiacha juu ya ardhi ikipigwa jua ni kuirudisha naitrojeni angani. Kwenye ndoo na viriba, fungu moja la mbolea kwa mafungu tisa ya udongo, basi. Kitalu cha mbegu nakiachia mboji ya kawaida; sioni sababu ya kuhatarisha miche midogo kwa kitu kikali wakati inahitaji kidogo sana.

Utasikia pia habari za chai ya mbolea. Inatengenezwa kwa kuloweka fungu moja la mbolea iliyoiva kwenye mafungu kumi ya maji kwa siku nzima, ukikoroga mara kwa mara, kisha unamwagia kwenye udongo. Kwa ndoo na viriba inasaidia. Kwa shamba la mchicha naiona ni kujichosha: unabeba maji mengi yenye virutubisho vichache, wakati mbolea yenyewe ungeimwaga kwa mkono ukamaliza asubuhi moja. Na usiitengeneze kwa mabaki mabichi, maana hapo utakuwa umezifikishia mizizi amonia kwa njia fupi kuliko zote.

Nguvu yake sasa, kwa sababu hapa ndipo wauzaji wanapozidisha sifa. Kwenye majaribio mengi naitrojeni ya mbolea ya funza huwa kati ya asilimia 2 na 4. Tuseme yako ni 2.5. Kiroba cha kilo 50 kitakuwa na naitrojeni kilo 1.25. Mfuko wa urea wa kilo 50, ambayo ni asilimia 46, una kilo 23. Ili ulingane na mfuko mmoja wa urea unahitaji zaidi ya viroba 18, tena si naitrojeni yote ya funza inayopatikana msimu wa kwanza; nyingine hutoka polepole kadiri inavyovunjwavunjwa. Anayekuambia kiroba kimoja kinatosha ekari anakutania. Kwa bustani ya nyuma ya nyumba viroba saba ni mali. Kwa ekari mbili za mahindi ni kionjo, na huko mbolea ya dukani bado ina kazi yake.

Lakini urea haina fosforasi wala potasiamu, na haiuachii udongo wa kichanga chochote cha kushika maji. Hapo ndipo hii inapojilipa. Icipe walipolinganisha mbolea zitokanazo na wadudu tisa wanaoliwa, ya nzi chuma iliongoza kwa naitrojeni na potasiamu. Dhidi ya samadi ya ng'ombe sipendi kuzishindanisha. Samadi yako iliyokaa nje mwaka mzima imenyeshewa hadi virutubisho vingi vimekwenda, ila bado inaupa udongo mwili. Changanya zote mbili, kila moja ifidie pengo la mwenzake.

Kuna sifa nyingine inayotangazwa sana, ya kuua magonjwa. Ina chanzo cha kweli. Zile ngozi ulizoziona kwenye sinia zina kaitini, kitu kigumu kinachojenga gamba la mdudu. Zikiwa udongoni huwalisha vijidudu vyenye uwezo wa kuimeng'enya kaitini, na kaitini ipo pia kwenye kuta za fangasi na kwenye maganda ya mayai ya minyoo fundo, ile minyoo midogo ya udongoni inayotia mizizi vinundu. Vijidudu vikizoea mlo huo huwageukia na hao. Mimea nayo ikiihisi kaitini huamsha kinga yake. Yote hayo yamepimwa, ila dhidi ya minyoo fundo majaribio mazuri ya icipe yalitumia mbolea iliyoongezwa kaitini makusudi. Yako ina kidogo tu. Kama mizizi ya nyanya imeshajaa vinundu, badilisha zao kwenye tuta hilo, panda mahindi au kitunguu, na mbolea ya funza iwe msaidizi.

Jirani yako ana hoja, ila amemkamata mdudu asiye mwenye kosa. Funza wa nzi chuma hula kilichooza. Mzizi ulio hai haumhusu. Waliosalia kwenye viroba, wakipata unyevu watamalizia kula kilichopo, watageuka weusi, watatambaa kutafuta pakavu, na watatoka wakiwa nzi wasiotafuta chakula wala kutua kwenye sahani. Huishi wiki moja hivi wakitaga na kufa. Ukiwachekecha kabla ya kuivisha, kuku wako watafurahi. Anayeogopwa na jirani, kwa hakika, ni yule buu mweupe, mnene, anayejikunja nusu duara, mwenye kichwa cha kahawia na miguu sita karibu na kichwa. Huyo ni mtoto wa mende wa shambani, yaani mbawakawa, si mende wa jikoni. Baadhi yao hula mizizi. Mwingine, mtoto wa chonga, hula kilichooza, ila mzazi wake ndiye yule mende mwenye pembe anayetoboa minazi hapa Pwani, ambaye hutaga kwenye magogo ya mnazi yaliyooza na kwenye marundo ya samadi. Funza wako ni bapa, ana pingili ngumu, hana miguu, hajikunji. Ukigeuza rundo kila wiki utawaona hao wa mende mapema. Waokote uwape kuku pia, na rundo lisikae jirani na mnazi.

Kuhusu kuuza, kumgawia au kumuuzia jirani ndoo mbili za kujaribia ni jambo la kuelewana. Ukianza kufungasha, kuweka nembo na kupeleka dukani, unaingia chini ya Sheria ya Mbolea ya mwaka 2009, na msimamizi wake ni Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea, TFRA. Mbolea husajiliwa, hupimwa, na muuzaji huwa na leseni. Nenda uwaulize kabla hujachapisha mifuko, wala usiogope kuuliza. Afisa kilimo wa kata atakuelekeza pa kuanzia. Kabla ya kufika huko unahitaji mlo wa funza usiobadilika kila wiki, maana leo maganda ya nanasi na kesho makombo ya pilau ni mbolea mbili tofauti ndani ya kiroba kimoja. Anza kuandika sasa: kila kiroba kiwe na tarehe uliyowatoa funza, walichokula, tarehe ya kuivisha, na matokeo ya kile kipimo cha mbegu 20.